Kola Hii Ikiisha

…na kama angerudi nyuma hata hatua moja ningemshukuru, maana mtu gani huyu anampumulia mwenzake shingoni kama anapuliza chai, saa ya kupimia inaning'inia kifuani kama medali, kalamu sikioni, ubao wa kuandikia kwapani, na mimi hapa chini yake mguu kwenye pedali, shati mapajani, kola mkononi, cherehani inanguruma, endelea tu mama, ananiambia, fanya kazi yako kama kawaida, mimi sipo hapa, hupo vipi wewe na hayo manukato yako yameenea laini nzima ya cherehani, haya bwana, hupo, nimekubali, kola hii ikiisha napunguza mwendo, nimeshajiapia asubuhi nikifunga kitambaa kichwani, leo nashona kama mtu mwenye akili zake, uzi ukatike mara mbili tatu, mkasi uanguke niupapase chini ya meza, nipige chafya, nitafute leso, Bwana Saa aandike kwamba huyu mwanamke ni wa kawaida tu, hana lolote, na kiwango kibaki kilipo, ndiyo, kola hii ikiisha… imeisha, nimekata uzi, nimesukuma shati nyuma, na mkono huo umeshafika kwenye boksi umechukua nyingine kabla sijameza hata mate, ala, nani kautuma? basi hii, hii ndiyo ya mwisho kwa mwendo huu, na mbele yangu ni mgongo wa Dada, Dada wa kweli, tumbo moja ziwa moja, si hawa wa kuitana tu kiwandani, ameinama mpaka mfupa wa shingo umejitokeza, yeye anashona kola yenyewe, anaigeuza, anazisukuma ncha kwa kijiti zikae kali, anaipiga mstari wa juu, anaitupa kwenye boksi lililo kati yetu, mimi naichukua naivisha shingo ya shati naizungushia mshono, kisha namsukumia yule wa vifungo aliye nyuma yangu, ndiyo kazi, kutwa nzima, mashati meupe ya kuvaliwa na watu wasiotoka jasho, kwa hiyo huyu bwana akiipima mikono yangu anaipima na ya Dada, maana boksi likiwa tupu atainua macho amtafute anayelichelewesha, na hatamkosa, na Dada onyo la mwisho analo tayari, jingine likija ni kukabidhi aproni na kwenda nyumbani kwa watoto, kwa nyumba isiyo na baba, maana shemeji yangu alikwenda kutafuta kazi mji mwingine, kazi akaipata, njia ya kurudi ikampotea, na nambari atakayotoka nayo Bwana Saa kwenye mikono yangu leo ndiyo itakayobandikwa ukutani, ndiyo kiwango cha kila mtu, mwenye mikono na asiye na mikono, atakayeshindwa onyo, atakayeshindwa tena mlango ule pale, basi napunguza, nani kasema sipunguzi, kola hii ikiisha.

Polepole, Umeme, ananong'ona wa vifungo nyuma yangu, wenzio tuna migongo, nimesikia, nimesikia mama, nasubiri tu nipate pa kupunguzia, mtu hafungi breki ghafla, atashtuka huyu, atajua anachezewa, ana macho ya kuku huyu, anaangalia pembeni na anaona mbele, tena wa vifungo asiniite Umeme kwa sauti ile, zamani waliniita Umeme kwa kunisifu, tazameni mikono ya huyu binti, umeme mtupu, siku hizi ule wa ukutani ukikatika kiwanda kikawa giza wanapiga makofi, afadhali huo unajua kukatika, wanasema, na wanacheka, na mimi nacheka nao kwenye giza kwa sababu nisipocheka nitafanya nini, na yote kwa ajili ya siku ile moja, mara ya kwanza huyu bwana alipokuja kunipima, nilikuwa mgeni, sijui pa kutundika mkoba, nikadhani anatafuta mfanyakazi bora, ndivyo nilivyodhani, nani angeniambia vingine, Dada siku hiyo alikuwa nyumbani anauguza mtoto na wenzangu walinyamaza wakidhani Dada kashaniambia, jambo ambalo kila fundi humu analijua, kwamba saa ikiingia laini inalala, sindano zinashikwa na uvivu, nyuzi zinakatika zenyewe, watu wenye afya zao wanakohoa kama wodi nzima, na mimi, mimi nilipiga pasi aproni, sikunywa maji tangu nilipoamka nisije nikabanwa, nikakaa mguu sawa, saa ilipobonyezwa nikashona kama mtu aliyepandwa na pepo, na nikatabasamu, ndicho kinachoniudhi mpaka leo, si kushona, kutabasamu, nilimtolea yule bwana meno yote nje, nikawaangalia wenzangu wanavyosinzia nikasema moyoni wavivu hawa, ndiyo maana hawatoki hapa, wiki iliyofuata karatasi ukutani, watu wanaisoma, wakimaliza wanageuka kuniangalia mimi, hakuna aliyenitukana, afadhali wangenitukana, walinipisha tu kwenye foleni ya maji kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza, na yule mjamzito aliyekuwa akiunga mikono ya mashati akaacha kazi mwenyewe kabla hajaachishwa, akapita hapa kwenye meza yangu na tumbo lake, akaniambia kwaheri, basi, kwaheri, kwa upole kabisa… sasa kosa langu nini? nauliza, mtu akijua kazi ajifiche? mikono hii sikuiiba, wao wakipiga magoti wanamwomba Mungu awape bidii, mimi nikapewa, ndiyo dhambi? nilipofika hapa sikuwa na cheti, sikuwa na mjomba ofisini, nilikuwa na mikono, mikono ndiyo mjomba wangu, na imeisha, nimesukuma, nimechukua nyingine, loo, hebu tulia wewe mkono, tulia, huyu bwana anabonyeza saa anaandika, anabonyeza anaandika, mdomo ameubana kwa raha.

Kaa, aliniambia meneja jana, kiti chenyewe cha kuzunguka, nikakikalia ukingoni kama kina mwenyewe, akasema msimamizi wenu anastaafu, yaani Filimbi, sisi tunamwita Filimbi kwa kile kifilimbi chake cha bati anachokivaa shingoni, akikipuliza tunakaa, akikipuliza tunasimama, akikipuliza tunakwenda chooni, meneja akasema kiti chake nataka nimpe mtu anayejituma, asiyesukumwa, nimekuwa nikikutazama, kesho unapimwa tena, nionyeshe kama kweli unakitaka, jioni natangaza, nikasema ndiyo mkuu, kwa sauti ya mtoto aliyeahidiwa pipi, mimi mtu mzima, nikatoka kinyumenyume mpaka nikagonga kabati, samahani, nikaliambia kabati, toba… na ndiyo, nakitaka, nimfiche nani, hapa kichwani hakuna anayenisikia, nakitaka kiti kile kirefu cha karibu na dirisha, naitaka ile filimbi, siku moja aliisahau mezani akaenda kunawa nikaiweka mdomoni, sikuipuliza, niliibana tu kwa meno, ilikuwa na ladha ya bati na rangi ya mdomo ya mwenyewe, nikaiona laini yote kutoka pale, vichwa vimeinama, vitambaa vya kila rangi, na mgongo wa Dada katikati yake, nikajiona natembea, kutembea tu jamani, mtu anayetembea kazini, anasimama anapotaka, anakwenda dirishani kuangalia mvua kama haijawahi kunyesha, anasema wewe nyoosha mgongo, wewe uzi wako umelegea, na si kwa ajili yangu peke yangu, msinielewe vibaya, nimeshapanga yote, nikikipata Dada namtoa kwenye kola, namweka kwenye kukata nyuzi, kazi ya mkasi mdogo, ya kukaa mnapiga soga, macho yake yapumzike, vidole vipumzike, watoto wake si ndio wangu, mamdogo hapa mamdogo pale, nani anawanunulia viatu, kwa hiyo nikikaza leo ni yeye namkazia, akili kidogo tu inahitajika kuliona hilo, leo aumie kidogo halafu apumzike moja kwa moja… ingawa wakata nyuzi nao wana kiwango, karatasi yao si ipo ukutani palepale, ingawa Filimbi naye aliingia humu na shoga yake, wakila sahani moja, wakisukana nywele kwenye ngazi, na wote tuliona alivyompulizia filimbi siku ile ya kumtoa, akaipuliza kwa nguvu zaidi ili asisikie anavyolia, lakini Filimbi ni Filimbi na mimi ni mimi, mimi siwezi, damu yangu, thubutu, siwezi.

Kola hii ikiisha. Kweli sasa. Tena Dada mwenyewe, hebu, Dada mwenyewe alisema nini jana, tumetoka kazini amekaa kwenye kigoda, mikono ameiloweka kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, vidole vimevimba mpaka pete haitoki, na binti yake anamwaga maji zaidi kidogo kidogo kwa kikombe, mtoto akaniuliza, mamdogo, ukiwa bosi utamfokea mama? nikacheka, Dada naye akacheka, akasema atanifokea vizuri tu, kwani akiwa mdogo nikimfinya alikuwa hanifokei, tukacheka wote, ilikuwa jioni njema, halafu mtoto alipokwenda kumwaga maji nje, Dada akasema bila kuniangalia, anaangalia vidole vyake, kesho usinisubiri, hivyo tu, nikamwambia nani kasema nitakusubiri, nikimtania, akasema basi vizuri, akainuka akaenda kufunga dirisha… kesho usinisubiri, nimelala nalo neno hilo, mwanzo nikalifurahia, nikasema ameniruhusu, Dada huyo, ameniachia, kesho naruka, asubuhi nikiwa nafunga kitambaa likageuka likanichoma, nikasema ananisuta, yaani nenda zako, mimi nani, ndipo nikaapa nitapunguza, nitamsubiri tena mchana kweupe akiona, aone kwamba mdogo wake si mnyama, na sasa nimemsubiri? boksi lina kola ngapi, mbili, sasa moja, sasa… anatupa nyingine, hapana, haliishi, mbona haliishi? kawaida kufikia hapa ningekuwa nimekaa mikono mitupu namsubiri, nagonga gonga meza kwa kidole, leo kola zinakuja, zinakuja kama mvua, ametoa wapi mwendo huu mtu mwenye mikono ya jana… wa vifungo ndiye aliyeniambia, wiki iliyopita kwenye foleni, akasema wewe unajidai una mikono, mikono ungemwona nayo dada yako zamani, nikasema wacha wewe, akasema walikuja kumpima, meneja mwingine huyo, kiti kilikuwa chake, walishakifuta vumbi, saa ikabonyezwa na dada yako akaukata uzi kwa ukucha, akautunga, akaukata, akautunga, taratibu, macho kavu, mpaka yule mpimaji akachoka akaenda kwa aliyefuata, na aliyefuata ni Filimbi, dada yako ndiye aliyetufundisha sote kulala saa ikiingia, hukujua? sikujua, nikakaa na hasira siku nzima, nilimwona mjinga, Mungu anisamehe nilimwona mjinga, kiti umepewa unakikataa kwa ajili ya watu ambao wakiumwa wewe hujui hata wanakolala, angekuwa yeye ndiye anayetembea, angekuwa dirishani pale, watoto wasingeshonewa viatu vilevile mara tatu, na mikono ingekuwa mikono, na aliyenifundisha cherehani ni yeye, ile ya mama ya kuzungusha kwa mkono, akinipakata, mkono wangu juu ya mkono wake, yeye anazungusha mimi naelekeza, usivute kitambaa, akiniambia, kiache kiende chenyewe, na nilikuwa navuta, nilikuwa navuta tangu siku hiyo… tak! uzi huo. Uzi umekatika.

Umekatika wenyewe, sikuugusa, naapa sikuugusa, Mungu mwenyewe kaukata, mguu umetoka kwenye pedali, pamekuwa kimya pangu peke yangu, nasikia wa vifungo nyuma anavuta pumzi, nasikia anasema kwa ndani ahsante, huyu hapa basi, huyu hapa uzi niliokuwa nauomba, sikulazimika hata kutumia ukucha, sasa kazi ni kukaa tu, kutafuta ncha, kulamba, kukosa tundu, kulamba tena, kulaumu mwanga, miwani sina, macho siku hizi, wenzangu wote kwenye laini wamepunguza wanisikilize, hata yule wa pasi kule mwisho, na Bwana Saa ameinama, manukato hayo, anasema pole, saa inaendelea lakini, inaendelea, anasema, na vidole, vidole hivi, nimeviona kwa macho yangu vikishika ncha, vikaikata mshazari, vikaitunga mara moja, mara moja tu bila kulamba, mguu ukarudi, cherehani ikanguruma, na mimi hata sijamaliza kufikiri, duh, akasema Bwana Saa, akacheka kabisa, duh, mama, wewe ni hatari, akaandika… na nyuma yangu cherehani zao zimerudi, moja, nyingine, zote, ni mazoea, si mimi, ni mazoea ya mikono, mtu akianguka si anatanguliza mkono bila kufikiri, ndivyo hivyo, kola hii ikiisha nitaukata mwenyewe, kwa ukucha, kama yeye, naona hata ukucha wenyewe huu hapa, hii ikiisha, naichukua na… hii nini.

Doa. Dogo, jekundu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kwenye upindo wa kola, rangi ya mdomo hiyo, rangi ya mdomo ya nani, Dada hapaki, kutu basi, mafuta ya cherehani, mafuta yana wekundu wapi wewe, na linatanuka, kitambaa kinalinywa, bado bichi… sindano imempata, imempitia kidole na hajasimama, ndiyo maana mgongo ule ulishtuka muda ule, niliuona, nilidhani kikohozi, amechomwa na anashona, ananishonea mimi, boksi lisiwe tupu, huyu bwana asiinue macho, na sheria ya humu mtoto mdogo anaijua, damu ikionekana kwenye nguo nyeupe mkono juu, yeyote, aliyechomwa au aliyeona, Filimbi anapuliza, laini nzima inasimama, aliyechomwa anakwenda kufungwa kidole, mashati yanakaguliwa moja moja, na kuchomwa hakuna onyo, ndiyo sheria pekee ya humu yenye huruma, huruma yenyewe ni ya kitambaa lakini ipo, na laini ikisimama kupimwa kumefutwa, Bwana Saa anakunja karatasi anaondoka, kiwango kinabaki kilekile, jioni meneja anampa kiti yule wa laini ya pili, yule mwenye mdomo, yeye wamempima juzi… mkono mmoja tu juu, mwepesi, hauna hata uzito, kidole cha Dada, kiwango, mgongo wa yule wa vifungo, vyote vinatengenea kwa mkono mmoja, na upande wa pili filimbi, filimbi ya bati, na mkono wa kushoto umeshika shati na wa kulia umeshika kola, ninyooshe upi, ngoja niweke hili kwanza, nimalize hili, nikishaliweka nanyoosha, na naona vidole vinaikunja kola, vinaigeuza, upindo wenye doa unakwenda ndani, kule ambako mshono unaumeza na hakuna mtu atakayekuja kuuona, wala atakayelivaa shati, nakanyaga pedali, mshono umepita, kweupe kabisa, nimesukuma, na nyingine naichukua ina mawili, kubwa na dogo, na hii imelowa mpaka nikiishika inanishika.

Umeme, vipi hapo? Filimbi huyo, amesimama kwenye kona ya meza, filimbi iko vidoleni tayari, mbona unaikodolea kola macho, kuna tatizo? Na hapo cherehani ya mbele yangu imenyamaza. Ya Dada. Imenyamaza katikati ya mshono, mguu ameuinua, hajageuka, shingo ileile, mfupa uleule, kichwa kimenyooka kidogo tu, anasikiliza, na mimi nasema geuka, Dada, geuka uniangalie, ukigeuka nanyoosha mkono, naapa, mbele ya wote nanyoosha, geuka basi, na hageuki, anasubiri, laini nzima inakimbia na yeye peke yake amesimama anasubiri, na sauti yangu naisikia inatoka, nzuri, laini, sauti ya ofisini, hakuna, mama. Hakuna tatizo. Haya, anasema Filimbi, anapita, miguu inaburuta, na cherehani ya Dada inaanza tena, hapohapo, kama taa iliyokuwa inangoja mtu aiwashe, na ina kasi kuliko mwanzo… usinisubiri, eeh, sasa ndiyo nimelisikia, jana nililidhani ruhusa, asubuhi nikalidhani suto, halikuwa hili wala lile, alikuwa ananijua tu, alinipakata akanifundisha akaniona ninavyovuta, akajua kesho sitamsubiri, akatangulia kuniomba nisimsubiri, ili nikimwacha iwe nimemtii, hiyo ndiyo zawadi aliyonipa kwenye beseni lile, akafunga na dirisha, na mimi hata zawadi hiyo nimeichana, maana amesikia, amesikia kwa masikio yake kwamba niliona nikasema hakuna, na leo jioni nitamchemshia maji, nitamimina chumvi, kidole kitakuwa kimefungwa tambara na nitauliza kimefanyaje na atasema nimejikata nikimenya, nitasema pole Dada, na mtoto atauliza mamdogo umekuwa bosi… kukata nyuzi, nilisema nitamweka kwenye kukata nyuzi, nani huyo aliyesema, sauti ya nani ile, karatasi ya kiwango cha leo itabandikwa na mimi, ni kazi ya msimamizi kuibandika, nitapanda kwenye kiti nibonyeze gundi kwa vidole hivi, na Dada hatakifikia, najua hatakifikia, mwendo huu ni wa leo tu, ni wa damu, na siku hiyo ya kumtoa mwenye kuipuliza filimbi ni mimi, nitaipuliza kwa nguvu, nimeshaona jinsi inavyopulizwa. Malizia hizo chache, mama, anasema Bwana Saa begani kwangu, unakwenda vizuri sana, vizuri sana, na hapo ndipo ninapohisi mashavu yananiuma, nashangaa yanauma nini, kumbe natabasamu, nimemtolea meno yote nje, sijui tangu saa ngapi. Kola inadondoka kwenye boksi. Naichukua, naigeuza upande wa doa uingie ndani, nakanyaga.